Tochi Tisa na Mtani Mmoja

2 Machi 1975

Daftari hili lilikuwa la Bibi Lea, mama yake baba. Watu wa kisomo cha watu wazima walimpa pamoja na penseli, akavirudisha vyote viwili, akasema atakufa na herufi anazozijua, na hajui hata moja. Nikavidaka mimi. Mimi ni Cleopa mwana wa Hezekia, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa amefika mwisho wa anayoyajua. Baba anasema sababu ni nyingine. Daftari si la baba.

Nina tochi tisa. Katika kijiji chetu hiki cha ujamaa, huku bondeni upande wa Mvumi, hakuna mwingine mwenye hata mbili. Katibu wa kijiji ana moja, na kichwa chake kimefungwa kwa uzi wa katani.

Watu wananiuliza: za nini zote hizo? Baba ana redio isiyo na betri, anaifuta vumbi kila Jumapili akitoka kanisani, na hakuna anayemuuliza. Katibu anakusanya mikutano. Mimi nakusanya tochi, na kila moja ina jina. Kibete nilimpata kwa kuchimba choo cha watu. Padre ni mrefu na mweusi, alitoka misheni. Mama Kubwa anakula betri tatu na hashibi. Mchina nilipewa na kijana aliyekuwa akijenga reli mpya. Kipofu hana kioo, lakini nampenda kwa sura. Wengine nitawaandika nikipata nafasi.

5 Machi

Mvua. Tumepanda shamba la kijiji. Mgongo.

9 Machi

Kila tochi ina mlio wake wa swichi. Nikifumba macho ukanibonyezea, nitakutajia jina lake. Nimemwambia hivyo Domina, binti ya Mzee Damiano. Akasema wenzangu wakifumba macho wanasali.

Nilimwingiza kwenye ghala la baba, ambalo msimu huu ni tupu, nikafunga mlango ili amuone Mama Kubwa akiwaka. Mchana ghala ndilo giza pekee tulilo nalo. Nikamulika paa. Popo mmoja akaona haya, akahama.

"Sasa tunaona nini?" akauliza Domina.

"Tunaona mwanga."

"Mwanga uko nje umejaa tele, bure."

"Ule si wangu."

Akacheka mpaka Bibi Lea akagonga ukuta kwa fimbo, tukatoka.

17 Machi

Leo jua limetokeza. Nimetandika mkeka mbele ya nyumba, nimeanika betri zipate nguvu, na tochi nimezipanga nikazisugua kwa majivu. Mzee Damiano akapita na jembe lake. Huyu ni Mnyamwezi, aliletwa na mkonge wa Rudewa enzi za manamba, na mkonge ulipolegea akabaki. Sisi ni Wakaguru. Kwa hiyo ni mtani wetu tangu babu zake walipokuwa wakipita huku na mizigo ya Waarabu. Mtani hukutukana ukacheka, hukuchukulia kitu ukanyamaza, na kwenye msiba yeye ndiye mwenye amri.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mtumwa wangu. Unaanika nini, senene?"

"Betri."

"Mkaguru bwana! Babu zako walitukimbia wakajificha milimani gizani. Leo mjukuu ananunua mwanga wa kurudia huko huko."

"Na nyie mlivyobebeshwa pembe mpaka shingo zikaingia kifuani, ndiyo maana hamvai tai."

Bibi Lea alicheka akakohoa. Damiano akampigia magoti pale pale kwenye tope. "Bibi, ukifa niambie mapema, nije nikulalie kaburini kwako. Nimeona shuka lako zuri."

"Utangulie wewe," Bibi akasema, "mimi nitakuja kuangalia kama panavuja."

Alifurahi siku nzima. Mimi nilifikiri ni kwa sababu ya jua.

29 Machi, Mikumi

Nimekuja Pasaka kwa treni. Mjomba Timotheo alikuwa gadi kwenye reli hii, sasa amestaafu, na ana tochi ambayo sijapata kuiona maishani mwangu. Ukizungusha shingo yake kioo kinakuwa chekundu. Ukizungusha tena, kijani. Tena, cheupe. Aliapa mara mbili kwamba ni mali yake mwenyewe si ya reli, kwa hiyo nikajua.

31 Machi, Mikumi

Mjomba hataki kuuza. Anataka mtu wa kumsikiliza. Nimesikiliza habari ya twiga aliyelala relini, habari ya bwana mkubwa aliyeachwa stesheni na nguo za kulalia, na ya twiga tena. Njia ya Zambia malori yananguruma, na mimi nimeketi naitikia "ee, mjomba." Sijapata kufanya kazi ngumu namna hii, hata shamba la kijiji halifiki.

2 Aprili

Ni yangu! Nimeipa jina Gadi. Ndiyo ya kumi, lakini kichwa cha habari cha nyumba yetu bado ni tochi tisa, kwa sababu Kipofu nimempa Domina. Alikuwa akimtazama sana. Sikumpa kwa sababu nyingine.

12 Aprili

Mvua siku zote hizi. Mto umepanda. Nimeketi ghalani nazungusha shingo ya Gadi. Nyekundu, kijani, nyeupe. Nyekundu ndiyo bora: ghala zima linakuwa kama ndani ya tikitimaji.

20 Aprili

Mkutano wa kijiji. Nguruwe pori wameanza kuingia kwenye mahindi. Katibu, Ndugu Lupakisyo, mtu wa Tukuyu aliyeletwa mwaka jana, alisema walinzi wa zamu wanahitaji tochi, na kuna kijana mmoja hapa ambaye ni kabaila wa tochi. Watu wote wakanigeukia. Nilisimama, nikawaazima tatu kwa moyo wa ujamaa. Betri sikutoa. Makofi.

27 Aprili

Leo nimetendewa jambo.

Nilikuwa nimeanika. Damiano akaja, akapiga hodi kama muungwana, akakubali kiti, akakataa kiti, akauzunguka mkeka. Akaokota Gadi.

"Hii ndiyo ile ya Mikumi?"

"Ndiyo. Zungusha shingo. Taratibu!"

Akazungusha. Nyekundu. Akaguna. Kijani. Akaifunga kiunoni kwa kamba ya katani, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba tatu: "Mateka!" Akaondoka zake.

Baba akacheka. Mama akacheka. Bibi Lea alilia kwa kucheka, akajifuta kwa pindo la kanga. Nikasema, "Anaichukua kweli!" Baba akasema, "Ulitaka aichukue uongo? Nenda kamkamate kuku wake wa maana, ulete hapa. Atakuja kukomboa, mtakunywa pombe, yataisha."

Sitaki kuku. Nataka Gadi.

30 Aprili

Damiano amesimama njia ya kisimani akimulika kwa mchana. Watoto wakija na ndoo anawaonyesha nyekundu, wanasimama. Anawaonyesha kijani, wanapita. Wengine wanarudi nyuma ili wasimamishwe upya. Amesimamisha hata mbuzi. Kijiji kizima kinasema hakijapata kuona tochi nzuri kama tochi ya Damiano.

Tochi ya Damiano!

4 Mei

Domina amesema, "Hujaja tu kuchukua kuku? Baba anakusubiri. Amemfunga yule jogoo mwekundu karibu na mlango ili umuone vizuri."

Nikamwambia mimi si mwizi wa kuku kama baba yake alivyo mwizi wa tochi. Akanitazama kidogo. Akaondoka bila kuaga.

6 Mei

Nimekwenda ofisini kwa katibu. Nimesema tochi yangu imeibwa, nikamtaja aliyeiiba. Ndugu Lupakisyo akauliza kama kuna ushahidi. Nikasema kijiji kizima. Nikaona ni vizuri pia kumweleza kwamba yule mzee ni mtani wetu, nisije nikaonekana nimeficha. Akasema, "Serikali haina watani, Ndugu Cleopa."

Nililipenda sana neno hilo njia nzima ya kurudi.

7 Mei

Naandika kama ilivyokuwa.

Mgambo wawili walimfuata Damiano shambani. Alikuja akicheka, anawaambia mgambo wamshike vizuri maana yeye ni mali ya Wakaguru. Alipoingia ofisini akaniona mimi nimeketi kwenye benchi, akacheka zaidi. "Kumbe ni wewe! Mtumwa wangu amepata askari!"

Katibu akamwambia akae chini. Damiano akatafuta benchi. Katibu akasema chini, sakafuni. Akakaa. Akaambiwa afungue kamba kiunoni, akaiweka Gadi mezani. Katibu akamuuliza kama aliichukua bila ruhusa.

Damiano akanitazama. Nafikiri alikuwa ananisubiri nicheke. Mimi nilikuwa natazama kama kioo hakijapata mkwaruzo.

"Niliichukua bila ruhusa," akasema.

"Kwa nini?"

Sijui ungemwelezaje mtu wa ofisi. Domina alikuwa dirishani na wanawake wengine, na hakuna aliyekuwa akicheka. Katibu akamwonya, akasema safari hii anamsamehe kwa umri wake. Damiano akainuka kwa kushika ukuta, maana goti lake moja liliharibikia kwenye mkonge. Akanipita, akasema, "Asante, Ndugu Cleopa."

Gadi haina mkwaruzo.

8 Mei

Baba hasemi nami. Si kawaida yake kuniadhibu kwa kukaa kimya, huwa anatumia mti.

11 Mei

Nimekutana na Damiano njia ya kisimani.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Habari za nyumbani, Ndugu Cleopa?"

"Nzuri, we mbeba pembe."

"Nashukuru kusikia." Akapita.

Alinijibu kama karani wa posta. Ningependa anipige.

15 Mei

Wanyamwezi wa nyumba zote wanatuita ndugu. Baba alikwenda kwa mmoja wao kuchukua ungo, kama wanavyochukulianaga, akapewa ungo kwa mikono miwili na kuambiwa autumie kwa muda wowote atakaohitaji. Akaurudisha jioni ile ile. Alisema ulikuwa mzito.

19 Mei

Bibi Lea hajatoka nje wiki hii. Kifua. Mvua imekatika, lakini yeye anasema anaisikia bado.

Aliniita. Nilidhani anataka maji.

"Cleopa, mimi nakufa msimu huu wa mahindi. Nani ataniingiza kaburini?"

"Bibi, kuna baba, kuna mwinjilisti, kuna—"

"Hao watalia. Siwaulizi wa kulia. Nauliza nani atazuia jeneza njiani. Nani atalala kwenye shimo langu na kusema ni lake. Nani ataitania nyumba hii mpaka mama yako ale." Akapumzika. "Babu yako walimtania mpaka mwinjilisti akashika tumbo. Mimi utanizika kwa kimya, kama mbwa wa Mzungu?"

Nikasema nitakwenda kuomba radhi. Akafumba macho, akasema nikasome tena darasa la kwanza.

20 Mei

Kumbe Bibi alikuwa na sababu. Nilimwendea Domina kwanza. Alikuwa anatwanga, na hakuacha kutwanga.

"Usithubutu," akasema. "Ukimwomba baba msamaha ndiyo umemmaliza. Mtani haombwi radhi. Ukiomba radhi umesema ilikuwa kesi kweli, na yeye alikuwa mwizi kweli."

"Sasa nifanye nini?"

"Mwenye akili za darasa la sita ni wewe." Halafu akaingia ndani, akamtoa Kipofu, akaniwekea mkononi. "Na hii chukua. Isije ikaniletea mgambo."

23 Mei

Nimekwenda kumkamata yule jogoo mwekundu. Nilimkamata mbele ya Damiano mwenyewe, jogoo akipiga kelele za kufa, nami nikapaza sauti, "Mateka!"

Damiano akaacha kunoa jembe. "Mchukue, ndugu. Au unataka nikuandikie hati, uwe na ushahidi?"

Nikamrudisha jogoo. Alinidonoa. Yeye peke yake ndiye aliyenikasirikia wazi wazi.

1 Juni

Tunavuna shamba la kijiji. Nguruwe walikula kona ya mtoni. Walinzi wanasema tochi zangu haziwaki. Niliwaambia mimi niliazima tochi, sikuazima mwanga. Hakuna aliyecheka. Zamani ningeliandika hilo kwa herufi kubwa.

8 Juni

Kuvuna.

9 Juni

Kuvuna. Bibi anakunywa uji vijiko viwili.

14 Juni

Nimeingia ghalani na tochi zote. Nimeziwasha zile zinazowaka, moja moja, nikisikiliza swichi. Kitu kimoja sijapata kukiandika: mwanga wenyewe si kitu. Ukishauona umeuona. Raha ni pale unapomwonyesha mtu, naye anasema "eboo!" Au anaguna. Au anasema hata yeye mjomba wake anayo kubwa zaidi, na ni uongo. Nimekaa pale nikazungusha nyekundu, kijani, nyeupe. Ghala limeanza kujaa mahindi, na mwanga haufiki mbali kama zamani.

21 Juni

Bibi Lea amekufa alfajiri. Mama ndiye aliyegundua.

Baba aliketi kwenye kigoda nje, akasema mtu aende kwa mwinjilisti, mtu aende kwa dada yake, mtu aende kwa fundi wa mbao. Halafu akanitazama. Hakusema niende wapi. Nikaondoka.

Damiano alikuwa anapukuchua mahindi mlangoni, Domina na majirani zake Wanyamwezi wamemzunguka. Njiani nilikuwa nimetunga maneno mazuri ya huzuni, yenye "mpendwa wetu" ndani yake. Nilipofika nikamsikia Damiano akisema, "Karibu, Ndugu Cleopa," na maneno yale yakanitoka yote kichwani.

Nikasema, "Sikuja kukaribishwa. Bibi amekufa. Ameacha neno. Anasema asiguswe na Mnyamwezi yeyote, mnanuka mkonge."

Punje zikaacha kudondoka. Mwanamke mmoja akashika mdomo. Domina akanitazama kana kwamba nimetema mate kwenye chungu chao.

Damiano aliweka gunzi chini. "Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Anasema mkija atatoka."

"Kwa mdomo wake?"

"Na kabla hajakata roho alirudia, ili tusisahau."

Mzee yule alinitazama muda. Bibi hakusema kitu kama hicho, na yeye alijua, na alijua kwamba najua anajua. Nilikuwa nimeukaza uso, lakini kidevu kilikuwa kinafanya mambo yake. Akainuka kwa kushika mlango. Akajinusa kwapa, upande huu, akajinusa upande wa pili.

"Bibi kizee mshenzi," akasema. "Domina! Lete shati langu chafu. Lile chafu kabisa!"

22 Juni

Tumemzika Bibi.

Walizuia jeneza mara mbili kabla halijafika barabarani. Mara ya kwanza mama alitoa ungo na kanga. Mara ya pili Wanyamwezi walidai mwinjilisti avue viatu, akavua. Tulipofika kaburini tukamkuta Damiano yumo ndani, amelala chali, mikono kifuani, macho yamefumbwa.

Baba akasema, "Mtani, toka, jua linapanda."

"Simsikii mtu. Mimi nimeshakufa."

"Unataka nini?"

"Humu ndani giza! Na marehemu ana mjukuu kabaila wa tochi. Atamwachaje bibi yake aende gizani? Mleteni."

Watu wakanisukuma mbele. Nilikwenda nyumbani mbio, nikarudi na kikapu. Nikampa Padre. Akaibonyeza, haikuwaka, akaitupa juu ya kifusi. "Ya maiti hii!" Nikampa Kibete. Nikampa Mchina, Mama Kubwa na wengine wote, mpaka Kipofu; akamtazama, akasema huyu anafanana na Mkaguru. Watu walikuwa wanashikana mabega kwa kucheka. Dada yake Bibi, aliyekuwa amelia tangu jana, aliketi chini kabisa, hawezi.

"Imebaki moja," Damiano akasema kutoka shimoni.

Nikampa Gadi mkononi.

Akaizungusha. Nyekundu. Akainyoosha kwetu sote, mwinjilisti, wabeba jeneza, baba. Tukasimama. Akatuacha tumesimama hivyo, jeneza mabegani, mpaka waliobeba wakaanza kuguna. Kijani. Nikampa mkono, akaushika, akatoka.

"Haya mleteni huyo mjeuri," akasema. "Shimo nimelipasha moto."

Katibu Lupakisyo alikuwapo, kofia mkononi. Nilimwona akitazama tochi zile zinavyogawanywa kwa Wanyamwezi, kila mtu na yake. Hakuandika kitu.

25 Juni

Watani wamekuja kuondoa matanga. Mama amekula.

Domina amepita na ndoo. Amesema baba yake analala na Gadi chini ya mto, na usiku wanasikia swichi. Nikamwambia amwambie asizungushe kwa nguvu, shingo italegea. Akasema nimwambie mwenyewe, yeye si tarishi wa watumwa.

6 Julai

Mahindi yamekauka. Ghala limejaa mpaka paani, huwezi kuingia.

13 Julai

Dereva mmoja wa lori la pamba alikwama hapa na gurudumu. Nilimsaidia kusukuma, akanipa tochi. Ni ya bati la rangi ya bluu, imebonyea ubavuni, swichi yake inalia kama mtu anayekanusha jambo. Inawaka ukiipiga. Nimeisugua kwa majivu tangu asubuhi.

Mama ameniambia niiweke ndani kabla sijaenda kisimani, watu wanapita.

Nimetandika mkeka, nimeiweka katikati, upande wa barabarani.